Vitenzi vya muungano katika Kigiriki cha kale: nikariri majedwali au nijifunze kanuni za irabu?

mwanagenzi_wa_koine ameuliza:

Salaam, wanajukwaa. Ninajifunza Kigiriki cha kale bila mwalimu, nikitumia kitabu cha sarufi na kamusi, na shabaha yangu ni kusoma Agano Jipya kwanza, kisha waandishi wa Athene. Kitenzi cha kawaida kama λύω hakinisumbui tena. Vinavyonisumbua ni vile vitenzi ambavyo mashina yake huishia kwa irabu α, ε au ο, ambavyo kitabu changu kinaviwakilisha kwa τιμάω (kuheshimu), ποιέω (kufanya) na δηλόω (kudhihirisha). Irabu hiyo ya shina hukutana na irabu ya kiambishi tamati, zote mbili zikaungana na kuwa sauti moja, na hapo ndipo ninapopotea.

Kitabu kinanipa majedwali matatu marefu yenye kila dhamira (taarifa, amri, matakwa na kadhalika) na kila kauli, kisha kinaniagiza niyakariri. Ninaweza kuyaandika yote bila kutazama, lakini nikikutana na neno kama ἐδήλους au τιμῴη katikati ya sentensi, inanilazimu kupita jedwali zima kichwani, safu baada ya safu, kabla ya kulitambua, na kufikia hapo sentensi yenyewe nimekwisha kuisahau. Kwa hiyo naomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, je, zipo kanuni chache zinazoweza kuchukua nafasi ya majedwali haya? Pili, ikiwa α na ει huungana kuwa ᾳ, kama katika τιμᾷς kutoka τιμάεις, kwa nini kitenzijina cha τιμάειν huandikwa τιμᾶν bila ile iota ndogo ya chini? Tatu, kwa nini πλέω (kusafiri kwa chombo majini) huwa πλέομεν na si πλοῦμεν, ilhali kina ε ile ile iliyomo katika ποιέω?

mpenda_sarufi amejibu:

Ndugu mwanagenzi, nitashughulikia swali la kwanza peke yake, kwa kuwa la pili na la tatu yanahitaji mtu aliyezoea historia ya lugha.

Kabla ya kanuni, lipunguze tatizo lenyewe. Muungano huu hutokea katika wakati uliopo na katika wakati uliopita usiokamilika, basi. Katika wakati ujao, aoristi (wakati uliopita unaotaja tendo kwa ujumla wake) na hali timilifu, kati ya shina na kiambishi husimama konsonanti, mara nyingi σ au κ, na irabu mbili hazikutani kabisa. Kinachotokea huko ni kurefuka kwa irabu ya shina: α na ε huwa η, na ο huwa ω, ndiyo maana tunasema τιμήσω, ποιήσω, δηλώσω. Ikiwa α imetanguliwa na ε, ι au ρ, hurefuka ikabaki α, kama θηράσω kutoka θηράω (kuwinda). Ukiona η au ω ikifuatwa na σ, mara nyingi hapana muungano wa kutafuta, ingawa si daima: τιμῶσι, «wanaheshimu», ni muungano. Katika Yohana 13:27 hali zote mbili zimo ndani ya maneno matatu: ὃ ποιεῖς ποίησον, yaani «unalofanya, lifanye». Ποιεῖς ni wakati uliopo, na ε ya shina imemezana na kiambishi. Ποίησον ni amri ya aoristi, na ε imerefuka tu mbele ya σ.

Sasa kanuni. Sauti za jamii ya ο (yaani ο, ω, ου) hushinda α na ε popote zinapokutana, ziwe zimetangulia au zimefuata. Α ikikutana na ο hutoa ω, hivyo τιμάομεν huwa τιμῶμεν. Ε ikikutana na ο hutoa ου, na ο ikikutana na ε au na ο mwenzake hutoa ου vilevile, hivyo ποιέομεν huwa ποιοῦμεν, na δηλόετε huwa δηλοῦτε. Pasipokuwa na sauti ya ο, irabu iliyotangulia ndiyo inayotawala: α na ε hutoa α ndefu (τιμάετε huwa τιμᾶτε), na ε mbili hutoa ει (ποιέετε huwa ποιεῖτε). Ε iliyo mbele ya irabu ndefu au diftongi (irabu mbili zinazotamkwa pamoja kama silabi moja) hutoweka bila kuacha alama. Mwisho, iota ya diftongi haipotei: ama hujificha chini ya herufi, kama τιμάοιμεν inavyokuwa τιμῷμεν, ama hubaki wazi, kama δηλόεις inavyokuwa δηλοῖς. Majedwali yako yote matatu, ukitoa vighairi vichache, yamo katika aya hii.

Hata hivyo, sikushauri uzikariri kanuni kwa mwelekeo wa vitabu peke yake, kutoka umbo refu kwenda umbo fupi. Msomaji hufanya kazi ya kinyume, ya kufumua. Chukua ἐδήλους. Ile ε ya mwanzo inakuambia ni wakati uliopita, na σ ya mwisho inakuambia ni nafsi ya pili umoja. Kiambishi cha nafsi hiyo unakijua kutoka λύω: ἔλυες, yaani -ες. Sasa jiulize ni irabu gani ikikutana na ε hutoa ου; jibu ni ο peke yake, kwa hiyo ἐδήλο-ες, «ulikuwa ukidhihirisha». Τιμῴη nayo ina iota chini ya ω, na kwa kitenzi cha α hiyo ni dalili ya οι iliyomezwa, na οι ndiyo alama ya optativi, yaani dhamira ya matakwa: τιμα-οίη, nafsi ya tatu umoja. Kigiriki cha Athene hupenda viambishi -οίην, -οίης, -οίη katika umoja wa optativi ya vitenzi hivi, badala ya -οιμι, -οις, -οι ulivyojifunza kwa λύω.

Si kila umbo hufumuka kwa njia moja, na ndipo kamusi inapokufaa. Kamusi huorodhesha umbo refu, τιμάω au ποιέω, ambalo katika maandishi ya Athene hulikuti, kwa sababu ukiliona τιμῶ, ποιῶ au δηλῶ peke yake huwezi kujua irabu gani imefichwa. Neno lenye -ῶμεν ni mfano mzuri. Kamusi ikikuambia shina ni la ε au la ο, basi hiyo ni dhamira tegemezi kwa hakika, «na tufanye», kwa kuwa dhamira ya taarifa ingekuwa na -οῦμεν. Shina likiwa la α, umbo ni lile lile kwa dhamira zote mbili, na itakulazimu kuitazama sentensi.

konsonanti_iliyopotea amejibu:

Maswali ya pili na ya tatu yana mzizi mmoja, nao ni kwamba irabu hizi hazikuwa jirani tangu mwanzo. Kati yao palikuwa na konsonanti iliyodondoka. Mzungumzaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwa kuwa lugha yetu imepitia jambo kama hilo. Tunasema fungua, chukua, nunua, kaa, lakini mara tunapotaka kauli ya kutendea, ile l ya zamani inajitokeza: fungulia, chukulia, nunulia, kalia. Hakuna anayeiona katika fungua, lakini ipo katika historia ya neno, na tabia ya neno haieleweki bila hiyo. Na kama utataka mfano wa irabu mbili kuzaa ya tatu, tazama wa- na -ingi zinavyotoa wengi, au ma- na -ino zinavyotoa meno.

Katika Kigiriki konsonanti zilizodondoka kati ya irabu zilikuwa hasa tatu: y, s na w. Vitenzi vingi vya muungano, τιμάω na δηλόω vikiwamo, vilikuwa na y, ambayo ilitoweka mapema na kuziacha irabu zikigusana. Vingine vilikuwa na s. Τελέω (kukamilisha) kimetokana na τέλος, ambalo shina lake ni τελεσ-, na γελάω (kucheka) nacho kina s kama hiyo. Ndiyo sababu aoristi zake ni ἐτέλεσα na ἐγέλασα, zenye irabu fupi, wala si ἐτέλησα kama ambavyo kanuni ya mwenzangu wa hapo juu ingekufanya utarajie. Καλέω (kuita) nacho hufuata mtindo huo, ἐκάλεσα, ingawa historia yake ni nyingine.

Πλέω ni wa kundi la w, herufi ambayo Wagiriki wa kale waliiandika ϝ na kuiita digama. Umbo la zamani lilikuwa πλέϝω. W hiyo ilidumu muda mrefu zaidi kuliko y na s, na ilipodondoka, Kigiriki cha Athene kiliunganisha ε kwa ε au ει tu na kuziacha ε na ο, au ε na ω, zikae kila moja peke yake. Matokeo yake ni πλέω, πλεῖς, πλεῖ, πλέομεν, πλεῖτε, πλέουσι. Wanaofuata njia hiyo ni vitenzi vyenye shina la silabi moja: πνέω (kuvuma, kupumua), ῥέω (kutiririka), θέω (kukimbia), pia δέω (kupungukiwa). Ushahidi wa w ile bado unaonekana mahali ambapo konsonanti ilifuata, kwa kuwa hapo iligeuka υ: aoristi ya πλέω ni ἔπλευσα, ya πνέω ni ἔπνευσα, na nomino πνεῦμα, ambayo kila msomaji wa Agano Jipya ameizoea, imebeba υ hiyo hiyo. Angalizo dogo: kuna δέω mwingine, wa maana ya kufunga kwa kamba, ambaye huungana kila mahali, δοῦμεν, δοῦσι. Hao wawili wanafanana kwa sura ya kamusi tu.

Kuhusu τιμᾶν, tatizo ni kwamba mwandiko ει unawakilisha vitu viwili tofauti. Katika λύεις na λύει, ει ni diftongi halisi, ε yenye iota ndani yake. Katika kitenzijina λύειν hakuna iota yoyote kwa asili. Kiambishi kilikuwa -εεν, kwa s iliyodondoka kati ya ε mbili, na ε mbili hizo zikaungana kuwa e ndefu ambayo baadaye iliandikwa ει. Kwa hiyo kilichounganishwa katika τιμᾶν ni α na -εεν, na hapakuwa na iota ya kushuka chini ya herufi. Ndivyo ilivyo kwa δηλοῦν pia: ingekuwa diftongi halisi, tungepata δηλοῖν.

Hili linathibitishwa na mawe. Kabla ya mwaka 403 K.K., Athene ilipoidhinisha rasmi alfabeti ya Ionia, waandishi wa maandishi ya umma walizoea kuandika e ndefu isiyo na iota kwa E peke yake, na diftongi halisi kwa EI. Macho yao yaliona tofauti ambayo mwandiko wa baadaye uliifuta. Baadhi ya machapa ya zamani ya vitabu vya Kigiriki huandika τιμᾷν na ζῇν kwa iota; ukikutana nayo, ujue ni desturi ya wachapaji wa enzi zao na wala haibadilishi maana.

msomaji_mkongwe amejibu:

Nakubaliana na yaliyosemwa, isipokuwa naona majedwali yamedharauliwa kupita kiasi. Kanuni humsaidia mtu anayekaa na kalamu. Anayesoma ukurasa mzima hawezi kufumua kila neno. Ningekushauri ukariri jedwali moja tu kwa ukamilifu, la ποιέω, kwa sababu vitenzi vya ε ndivyo vingi zaidi kuliko vya α na ο vikiwekwa pamoja, na ulisome kwa sauti mpaka -οῦμεν, -εῖτε, -οῦσι zitoke bila kufikiri. Vitenzi vya α viache kwenye kanuni pamoja na mazoezi ya kusoma. Vile vya ο ni vichache, na vingi vina maana ya kufanya kitu kiwe na hali fulani: δῆλος ni dhahiri, δηλόω ni kufanya kiwe dhahiri, ἐλεύθερος ni huru, ἐλευθερόω ni kuweka huru. Ukizoea maana hiyo, mara nyingi utalitambua neno hata kabla ya kulipambanua kiambishi chake.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni mkazo, nalo si pambo. Kanuni ni nyepesi: ikiwa mkazo ulikuwa juu ya irabu ya kwanza kati ya mbili zilizoungana, sauti mpya hupewa alama iliyopinda, ποιέει ikawa ποιεῖ. Ulipokuwa juu ya irabu ya pili, alama ni ile ya kupanda, τιμαόμεθα ikawa τιμώμεθα. Usipokuwa juu ya yoyote kati yao, hubaki ulipokuwa: amri ποίεε huwa ποίει. Kwa hiyo ποιεῖ ni «anafanya» na ποίει ni «fanya», na hakuna kingine kinachowatenganisha. Hali kadhalika τιμᾷ ni «anaheshimu» na τίμα ni «heshimu», ingawa hapa iota nayo inasaidia. Wanafunzi wengi huruka alama hizi wakidhani ni mapambo ya wachapaji, kisha hulalamika kwamba vitenzi vya muungano havitambulikani.

Kuna pia kikundi kidogo cha α ambacho katika Athene hutoa η badala ya α: ζάω (kuishi), χράομαι (kutumia), πεινάω (kuona njaa) na διψάω (kuona kiu). Kitenzijina cha kwanza ni ζῆν, na Wafilipi 1:21 inacho: τὸ ζῆν, «kuishi». Wagalatia 2:20 ina ζῶ na ζῇ karibukaribu. Lakini Koine, yaani Kigiriki cha Agano Jipya na enzi zake, ilianza kuviingiza baadhi yao katika kundi la kawaida la α, ndiyo maana Yohana 7:37 husomeka ἐάν τις διψᾷ, «mtu akiona kiu», mahali ambapo mwandishi wa Athene angeandika διψῇ. Mfano huo huo unaonyesha alichosema mpenda_sarufi kuhusu dhamira: διψᾷ peke yake inaweza kuwa taarifa au tegemezi, na ni ἐάν iliyotangulia inayoamua kwamba ni tegemezi.

mwanagenzi_wa_koine ameandika:

Nawashukuru nyote. Habari ya l iliyojificha katika fungua imenifungulia jambo nililokuwa nikilipita kila siku. Nina swali moja la ziada. Katika Yohana 15:10 nimekutana na μενεῖτε, na kwa alama iliyopinda nikaihesabu kuwa ya kundi la ποιέω. Nikatafuta μενέω katika kamusi, sikuipata; kuna μένω tu. Je, ni kitenzi kipi?

konsonanti_iliyopotea amejibu:

Ni μένω (kukaa, kudumu), katika wakati ujao. Vitenzi ambavyo mashina yake huishia kwa λ, μ, ν au ρ vilikuwa na kiambishi -έσω katika wakati ujao. S ikadondoka kati ya irabu kama kawaida yake, ikabaki -έω, nayo ikaungana kama ποιέω. Kwa hiyo μένετε ni «mnakaa», na μενεῖτε ni «mtakaa». Mpenda_sarufi alisema muungano uko katika nyakati mbili tu, na hiyo ni kweli kwa vitenzi vyenye irabu mwishoni mwa shina, ila wakati ujao wa kundi hili unaazima viambishi vile vile.

Kwa macho ya msomaji, dalili ni kwamba umbo lina muungano ilhali kamusi ina kitenzi cha kawaida chenye λ, μ, ν au ρ mbele ya -ω. Wakati mwingine shina lenyewe hubadilika pia: ἀγγέλλω (kutangaza) lina λ mbili, lakini wakati wake ujao ni ἀγγελῶ, lenye λ moja.

msomaji_mkongwe amejibu:

Na hapo mkazo unarudi kufanya kazi. Κρίνω (kuhukumu) haibadilishi herufi hata moja katika shina: κρίνει ni «anahukumu», κρινεῖ ni «atahukumu». Yohana 12:48 ina zote mbili katika aya moja: τὸν κρίνοντα, «anayemhukumu», kwa wakati uliopo, kisha mwishoni κρινεῖ, kwa wakati ujao, kwa sababu inazungumzia siku ya mwisho. Tafuta aya hiyo, ufunike alama za mkazo kwa kidole, uone unachoweza kuthibitisha kuhusu neno hilo la mwisho kwa herufi zake peke yake.